Jina Lililotangulia Ukutani

Mama Vifungo alishonea shule moja sare kwa miaka kumi na tisa, na mtu asikudanganye, hakuna kola yake iliyowahi kujikunja. Mwaka huu mwalimu mkuu mpya akaja na yake: muhula ujao oda zote ni mtandaoni, asiye na tovuti akae pembeni. Shule ile ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Ikiondoka, cherehani zake nne zinabaki mapambo.

"Tunahitaji jina tu, mama," alisema binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji wa jirani na kurudi Jumamosi. "Tuchague, nikalisajili leo leo. Likiwahiwa na mwingine, ndiyo limekwenda."

Leo leo! Ukoo ule hata jina la paka huitishiwa kikao. Shemeji mtu akataka jina la marehemu kaka yake, utadhani marehemu aliwahi kushika sindano. Wifi akataka la Kizungu, eti ndilo lina wateja. Binti akawa anapiga simu kila siku: "Mmefika wapi?" Wiki tatu zikakatika. Mwishowe wakakubaliana, Sare Imara, na kila mmoja akadai ni wazo lake.

Hapo ndipo mama wa watu alipokosea, na sina la kumtetea. Kwa akili yake, jina la biashara huwa lako watu wakishalisoma mlangoni kwako. Mumewe alifanya hivyo, na maduka yote ya mtaani vilevile. Basi Jumatano akamwita mchoraji, akaandikiwa jina la tovuti kwa rangi nyekundu, lote hadi nukta yake, kwenye ukuta unaotazama kituo cha mabasi. Akavuka barabara kulitazama, akacheka peke yake kwa furaha. Kusajili kungemsubiri binti Jumamosi; kwenye simu hakumtajia jina, alitaka aje alione mwenyewe.

Jumamosi binti akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia. Akaandika. Akaandika tena.

"Mama, limeshasajiliwa. Tangu Alhamisi."

"Na nani?"

Ukurasa ukafunguka: sketi, mashati, namba ya simu. Mama Vifungo alizitambua zile kola kabla hajaifikia namba. Za fundi wa ng'ambo ya barabara, yule aliyekaa kwake miaka miwili akijifunza kazi, akila sahani moja na binti yake. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani!

"Tutatafuta jingine," binti alisema, ila sauti haikuwa na nguvu.

Simu ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu, mchangamfu kwelikweli. "Hongera, mama! Nilipita kituoni nikaona tovuti yenu ukutani. Nimeshaagiza jana, sare za mwaka mzima. Na mmejibu upesi!"

Mama Vifungo akamweleza yote.

"Pole sana, mama. Nilijua naagiza kwako. Lakini mkataba umeshatiwa sahihi, sina namna."

Mama Vifungo alitamani kutukana, asijue amtukane nani.

"Basi waambie waache pindo pana kwenye sketi za darasa la kwanza," akasema. "Watoto wale hurefuka upesi."

Akaweka simu mezani, akalia kwa sauti mbele ya binti yake, bila kujifunika uso.