Nilivyomfundisha Donka Kiingereza Nikiwa Ndani ya Boksi

Mimi ndiye mkalimani wa ghala letu la mito ya kulalia hapa ughaibuni, Okolona, ingawa hakuna aliyenichagua. Kiingereza nilianza kukisoma katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na mgeni yeyote akikwama, nipo.

Juzi Donka, mama wa Kibulgaria aliyeanza kazi wiki hii, aliusukumia mto ndani ya boksi kwa ngumi, akakitaja kitendo hicho kwa lugha yake, kisha akaniuliza, "English?"

"Pack," nikamjibu. Akatikisa kichwa huku na huku.

"Stuff." Akatikisa tena.

"Cram!" Kichwa ndiyo kwanza kikazidi kutikisika.

Nikaona huyu mama hanijui. Nikavua viatu, nikaingia boksini, nikaishindilia mito kwa miguu kama tulivyoshindilia magunia ya mitumba kambini, huku nikipaza sauti, "Squeeze! Jam!" Ghala zima likasimama kunitazama. Nikajiona profesa.

Mume wake, dereva wetu wa foklifti, akashuka kwenye mashine yake ya kuinulia mizigo, wakanong'onezana, kisha akaniambia kwa Kiingereza safi kuliko changu:

"Rafiki, amekuelewa tangu neno la kwanza. Kwetu, kutikisa kichwa hivyo ni kukubali. Anauliza tu, mbona umeingia kwenye boksi?"