Masale Niliyoyahamisha

Mtu akiniambia barabara ya Namanga kwenda Moshi kupitia Arusha ni lami tu, tutagombana. Baba yangu ameijenga. Sisemi aliisimamia, nasema aliijenga: alisukuma toroli la kokoto, akamwaga lami ya moto mpaka nyusi zikaungua. Hadi leo ukimwuliza inapopita atakutajia vituo kama anayesali: Namanga, Longido, Ngaramtoni, Sakina, mjini, Tengeru, Makumira, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Moshi. Ukirudia ukairuka hata Makumira, anakurudisha mwanzo. Ndivyo tulivyolelewa.

Kwetu ni kabla kidogo ya Tengeru, upande wa mlimani. Zamani, masika yakishika, malori yalinasa matopeni hapo mbele ya nyumba siku mbili nzima, na bibi akawapikia madereva ndizi. Lami ilipofika, msimamizi wa kazi alimwonyesha baba mwisho wa eneo la barabara, akazika jiwe la zege. Baba akapanda masale, ile mimea ya majani marefu, juu ya mstari huo. Kwetu Wameru isale halichezewi. Ndilo mpaka, na ndilo msamaha pia: ukimwendea mtu na jani la isale mkononi, hata uwe umemkosea vipi, hakufukuzi. Kung'oa isale la mpakani hata mlevi hathubutu.

Mimi nilithubutu.

Nilikuwa nimefungua fremu yangu ya duka la ushonaji, na masale yamerefuka yakaziba kila kitu. Wateja wanapita na magari yao, hawanioni. Siku moja baba alipokwenda shamba la chini nikayang'oa yote yaliyokuwa mbele yangu. Kuyatupa nikaogopa, jamani, nami ni Mmeru! Nikayapanda upya nyuma ya fremu, hatua kama nane kuelekea nyumbani, nikamwagilia vizuri. Nikajiona mjanja. Baba aliporudi hakusema kitu, nikashukuru kwamba macho yake yamezeeka.

Baadaye nikaiongeza fremu kibaraza mbele, kikavuka mstari wa zamani, na mama ndiye aliyekuwa akinishonea vifungo hapo. Alipofariki, baba alichagua mwenyewe pa kumzika: kando ya fremu, mbele kidogo ya yale masale. "Hapa atakuwa anaona magari," alisema. Nikalia, wala sikukumbuka masale.

Nilikuja kuyakumbuka walipokuja wapimaji, barabara ilipokuwa inapanuliwa iwe ya njia nne. Mpimaji mkuu alikuwa kijana mwenye adabu, wa kutoka Kilimanjaro, watu wanaolijua isale kama sisi. Alitafuta jiwe la mpaka, hakuliona. Akayaona masale.

"Shikamoo mzee. Mpaka wako si ndio huu?"

"Marahaba. Mstari haupo hapo," baba alijibu.

"Sasa masale haya alipanda nani?"

Baba akaangalia chini. Yule kijana akangoja, akangoja, kisha kwa huruma kabisa akachora X nyekundu kwenye fremu yangu, na nyingine kwenye kaburi la mama. Akasema kaburi litahamishwa kwa heshima zote, familia tutaarifiwa.

Loo! Nilichemka. Nikamfokea kijana wa watu, nikamwita majina ambayo hata sokoni hawayatumii. Majirani wakatoka, na kina mama wa kwaya waliokuja kunichukua tukaimbe, sote tukiwa na magauni ya kwaya, wakasogea. Na katikati ya makelele yangu nikajisikia aibu inanipanda miguuni, kwa sababu mwenye kosa si yeye. Nikimwacha aende, mama anafukuliwa. Nikisema, kila mtu kuanzia hapa hadi Usa River atajua kwamba nimehamisha isale la mpaka.

"Niliyahamisha mimi," nikasema.

Mama mmoja akajishika mdomo. Nikaenda kwenye ngazi ya kutoka kibarazani kuingia ndani ya fremu, nikawaonyesha: isale la tatu lilikuwa hapa, na baba alikuwa akitwambia jiwe liko chini yake. Kijana akasema hawezi kupima kwa maneno. Nikachukua nyundo nzito ya jirani nikaivunja ile ngazi mwenyewe, gauni la kwaya likajaa vumbi. Tukachimba. Jiwe likaonekana, na herufi zake zikiwa bado zinasomeka.

Kijana akapima upya. Kaburi likabaki ndani ya boma letu, hatua tatu nzuri kutoka mpakani. Nusu ya fremu, kile kibaraza changu, ilikuwa ya barabara, kwa hiyo fremu ikaenda, na sikudai fidia hata ya msumari.

Jioni nikakata jani la isale, nikampelekea baba. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nilijua tangu siku ile ile," alisema. "Mama yako aliniomba ninyamaze. Alisema, mwache, kazi ndiyo inaanza, usimwaibishe mwanangu."

"Lakini leo, baba? Wangemfukua!"

"Nilimwahidi."

Nikakaa chini pale pale, mtu mzima mimi, nikalia kwa sauti. Baba akanishika bega, akaniambia kwa kusema ukweli leo nimeijenga barabara yake kuliko yeye alivyoijenga. Kesho yake tukayarudisha masale kwenye mstari wake, yeye akishika kamba, mimi nikichimba.

Siku hizi nashonea barazani nyumbani, na magari yanapita njia nne, na mama anayaona. Nikiiangalia ile lami kifua kinanijaa, sifichi. Wajukuu wakimwomba baba awatajie njia, anaanza kule kule alikozoea: Namanga, Longido, Ngaramtoni, Sakina, mjini, kwa bibi yenu, Tengeru, Makumira. Mtoto akiruka hapo kwa bibi, anarudishwa Namanga.