Bomba Nililolipitisha Mtaroni kwa Kisasi

Nimekosa, na sitazunguka mbuyu. Maji yaliyowaendesha watu wa Kisumu Ndogo, pale Kibera, hayakuchafuliwa na mvua wala na bahati mbaya. Niliyachafua mimi, nikijua, kwa sababu ya mtu mmoja aliyenicheka mbele ya watu.

Mimi ni fundi wa mabomba. Naishi Kawangware na wateja wangu wengi wako Riruta Satellite, lakini miaka hii ya tisini nimekuwa nikiitwa hadi Kibera. Kwetu ni Kitui, huko Ukambani. Nimekua nikimwona mama akichimba mchanga wa mto mkavu mpaka shimo limfike kifuani, apate debe moja tu. Kwa hivyo mtu akinichezea kwa habari ya maji, amenitia kidole jichoni.

Kamati ya maji ya Kisumu Ndogo ilikuwa imechanga pesa karibu mwaka mzima. Wauza omena, vibarua wa mjengo, kina mama wa kufua nguo, kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Wakaniita niwachoree mradi. Maji yatoke kwenye bomba kubwa la barabarani, yafike kwenye kibanda chao, na wawe na tangi la akiba kwa siku za mgao.

Nikachora vizuri. Niliweka tangi, bomba la chuma la kupita juu ya ardhi kando ya njia, na valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Njia ya mkato ilikuwa mtaroni, lakini mtaro wa Kibera mnaujua wenyewe. Unabeba kila kitu, na sitasema zaidi.

Tukakutana kanisani nikataja bei. Mwenyekiti wao, jamaa mrefu asiyevua koti hata jua likiwaka vipi, akasimama.

"Watu wangu, skizeni! Huyu fundi anadhani hapa ni Karen kwa matajiri. Kwao Ukambani hata maji ya kuoga wanapima na kijiko! Sasa huyu ndio atafundisha sisi watu wa ziwa mambo ya maji?"

Woi, walicheka! Wengine walishika mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka, Mama Awino, muuza omena aliyekuwa mweka hazina wa kamati.

"Mwenyekiti, wacha fundi amalize," akasema. "Si ni sisi tulimwita?"

Sikumaliza. Nilikunja karatasi yangu nikarudi Kawangware kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikijiambia, nitamwonyesha huyu mtu.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti akanifuata mwenyewe. "Fundi, wachana na hasira bana. Punguza bei iwe nusu tufanye kazi. Lakini tangi ibaki ile kubwa. Nataka mtu akiwa mtaa wa pili, Makina, aione."

Hapa ndipo penye dhambi yangu, kwa hivyo nisikilize vizuri. Kupunguza ndiyo kazi yetu. Sijawahi kupata mteja mwenye pesa ya kila anachotaka, na fundi mzuri hujulikana kwa mahali anapokata. Unakata ukubwa wa tangi. Unaacha rangi, unaacha paa la madoido. Hukati kile kinacholinda maji, hata kama hakuna atakayekiona. Hayo ningemweleza kwa dakika mbili, na kama angekataa ningeyasema mbele ya kamati.

Sikumweleza. Nilitabasamu. "Sawa mwenyekiti, tangi yako utapata."

Nikaondoa bomba la chuma nikaweka la plastiki, jembamba, tena ndani ya mtaro. Valvu nikaifuta kwenye mchoro. Nilijua siku za mgao bomba linabaki tupu na kuanza kunyonya, na plastiki ile ikipata ufa tu, itanyonya mtaro. Nilijua! Nikasema moyoni, wacha aonje dawa yake, aone kama watu wa ziwa watamcheka na yeye.

Nikiwa katikati ya kazi, Mama Awino akaja na beseni lake la omena kichwani. Akasimama akaniangalia nikilaza bomba.

"Fundi, mbona inapita kwa mtaro? Hii maji itakuwa safi kweli?"

"Itakuwa safi, mama. Bomba imefungwa, hakuna kitu inaingia."

"Haya. Wewe ndio unajua."

Siku ya kufungua, mwenyekiti alihutubia mpaka jasho likamlowesha koti. Alilipigapiga tangi lile kubwa utadhani ni ng'ombe wake wa mahari. Mimi nilisimama nyuma, nikapiga makofi na kungoja.

Sikungoja sana. Mvua ilinyesha, mtaro ukajaa, mgao ukaingia. Mteja mmoja akaniletea habari Kawangware kwamba Kisumu Ndogo watu wanahara na vyoo vina foleni. Kina mama walikuwa wamempigia mwenyekiti sufuria mlangoni mpaka akakimbilia Makina kwa rafiki yake. Mungu anisamehe, nilicheka! Nilijinunulia soda na mandazi, nikala taratibu nikiuhisi utamu wa ile habari.

Siku ya tatu nikaenda kuona kwa macho yangu. Nilitaka kumkuta akitukanwa. Nikakuta turubai limetandazwa mbele ya nyumba ya Mama Awino, na watu wamekaa kwenye mabenchi.

Awino alikuwa amefariki. Mtoto wa miaka sita, ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Watu walikuwa wakichanga ili mwili usafirishwe nyumbani. Nyumbani kwa mwenyekiti, nikaambiwa, hakuugua hata mmoja, kwa sababu wao maji ya kunywa walikuwa wakinunua Makina tangu mwanzo!

Na unajua watu waliniambia nini? "Pole fundi. Ni mwenyekiti alikulazimisha." Walinipa kiti. Walinipa chai!

Nikaweka kikombe chini. Nikamsogelea Mama Awino, nikapiga magoti, nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Mama, mimi nilijua hiyo bomba ni mbaya."

Akaniangalia. "Ulijua lini?"

"Kabla sijachimba."

"Hata ile siku nilikuuliza?"

"Hata ile siku."

"Mwenyekiti ni mjinga, hiyo najua," akasema. "Macho yangu yote yalikuwa kwake. Wewe sikukuangalia, sababu nilikuamini. Sasa enda utengeneze hiyo maji. Ukimaliza, usimame kanisani useme."

Nikatengeneza. Kwa ruhusa ya kamati niliuza lile tangi, bado likiwa jipya, kwa mtu aliyekuwa akijenga Satellite. Nikanunua tangi dogo, bomba la chuma na valvu, nikapitisha maji juu, mbali na mtaro. Zikabaki pesa kiasi, nikampelekea mweka hazina.

Mama Awino akapokea, akauliza, "Umeongeza pesa yako hapa?"

"Hapana, mama. Sijatoza hata ufundi."

"Na ungetoza?"

"Bado ingetosha."

"Kwa hivyo pesa yetu ilikuwa inatosha. Tangu siku ya kwanza."

"Ilikuwa inatosha."

Akafunga mlango.

Kanisani sikusimama. Nilijiahidi Jumapili hii, kisha ile nyingine, na sasa imepita miaka. Mama Awino hajanitaja kwa mtu yeyote. Nikipita na kumsalimu, ananyamaza, huku wenzake wakinisifu kwamba maji yao hayajawahi kuchafuka tena. Nadhani hicho ndicho kisasi chake, kuniacha nisifiwe mbele yake. Kimeshinda changu mara mia!

Mwenyekiti bado namchukia, siwezi kudanganya. Alirudi baada ya watu kupoa na anaendelea kuvaa koti lake. Lakini nikimfikiria yeye nalala. Nikimfikiria mama aliyeniuliza swali moja nikamjibu uongo, silali.

Wewe fundi unayesoma haya, mteja akikutukana, mtukane papo hapo. Kunja karatasi yako, chukua spana zako uende, hata ulale njaa. Akirudi kuomba upunguze, mwambie mbele ya watu wote pa kukata na pasipokatwa. Na ukishindwa kumsamehe, kataa kazi yake! Ukiipokea na hasira yako, anayekunywa maji si yeye.