Maziwa ya Ngamia Yachemshwe

Mwaka ule homa ya ngamia ilipoingia Jeddah, serikali ilitangaza kwenye televisheni kwamba maziwa ya ngamia yachemshwe kabla ya kunywewa. Mama mzazi wa bosi wangu, ambaye kazi yangu ilikuwa kumtunza, alikataa katakata. Alikuwa ameyanywa mabichi tangu utotoni.

“Yakichemshwa, ladha mafi!” aliniambia, yaani ladha hakuna.

Sikutaka augue, nilishampenda. Nikayachemsha na majani ya chai, tangawizi na iliki, kama tunavyopika kwetu Mombasa. Akaonja, kisha akanyoosha kikombe nimwongeze.

Alasiri dada yake alipokuja kumtembelea, mama huyo aliniita niketi nao zuliani. Tulimaliza birika zima sisi watatu, tukicheka kama mashoga wa siku nyingi.