Nilivyofundishwa Kusemezana na Mtoto

Kazi ya kulea niliipata kwa sababu ya mgongo wangu. Ndivyo shangazi alivyoninadi mbele ya mke wa mwenye duka pale Kituntu: "Mgongo wake mpana, mtoto akilala haanguki upande. Halafu hana maneno huyu." Bibi yule akanitazama juu mpaka chini kama anayekagua jora la merikani, akaniambia nianze kesho yake.

Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ya miaka mitatu isiyo na mtoto, nimerudi kwa baba Nyakakika, na wake za kaka zangu walikuwa wakinionea huruma kutwa nzima. Huruma ya namna ile inachosha kuliko kulima. Kwa hiyo nilikwenda Kituntu kwa furaha, nimejifunga lubugu yangu, nguo yetu ya magome ya mti, na bibi akanipa kaniki siku ile ile ili nisimtie aibu mbele ya wageni.

Bwana wa nyumba alizaliwa Tabora, na watu wake asili yao ni pwani. Aliuza nguo, shanga na chumvi, akinunua ngozi na kahawa. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na sharti moja. "Mwanangu asemeshwe Kiswahili tu," aliniambia. "Kinyambo chako kiache mlangoni."

Kiswahili changu enzi hizo kilikuwa cha sokoni: chumvi, bei gani, punguza, kesho. Mtoto huwezi kumbembeleza kwa "punguza." Basi nikanyamaza. Nilimwogesha kimya, nikamlisha kimya, nikamfunga mgongoni kimya, nikamlaza. Alikuwa binti wa mwaka na nusu, mnene, ana macho makubwa, anang'aa kwa usafi. Bibi alinisifu kwa kila mgeni. Mtoto hakusema hata neno moja, na hakuna aliyeshangaa, maana wote tulimwona mpole.

Kisha akaja mama yake Bwana kutoka Tabora, amebebwa kwenye machela njia nzima kwa sababu ya miguu yake, na njia nzima, kwa maelezo ya wapagazi, hakunyamaza. Tulimwita Bibi Mkubwa. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ndiye mjukuu wangu? Mlete."

Kwa siku tatu alikaa kwenye mkeka ukumbini akinitazama tu nikifanya kazi. Siku ya nne akamwita mkwewe na mimi pamoja, akasema, "Mtoto huyu halelewi. Anachungwa."

Bibi akashtuka. "Mama, mbona msafi, na anakula vizuri!"

"Mbuzi wa jirani pia anakula vizuri," akajibu Bibi Mkubwa. Akanigeukia mimi. "Kaa hapa. Leta ule uji."

Nikakaa. Akachukua kijiko cha mti, akanishika kidevu, akaanza kunilisha uji, huku uso ameuelekeza kwa mkwewe, anamweleza habari za harusi moja ya Tabora. Kijiko kikaja kabla sijameza cha kwanza. Kingine kikanigonga jino. Kingine kikaishia shavuni, akakikwangua kwa ukingo wa kijiko, akanirudishia mdomoni, bado yuko harusini. Mimi mtu mzima, nimewahi kuolewa, nikahisi machozi yananilenga.

"Haya, mara ya pili," akasema. Safari hii akanigeukia. "Uji huu wa ulezi, mama. Una moto kidogo, ngoja nipulize. Fuu! Unautaka? Ehee, fumbua. Mtamu? Umemaliza? Nionyeshe." Akangoja. Alingoja kweli, amenitazama machoni, mpaka nilipotikisa kichwa kwamba nimemaliza.

Uji ulikuwa wa chungu kile kile, lakini wa mara ya pili niliumaliza wote na kulamba kijiko. Bibi alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga.

"Umeona?" akasema Bibi Mkubwa. "Sasa mbona husemi na mwenzio?"

Nikamweleza sharti la Bwana, kwa Kiswahili changu kilichovunjikavunjika. Akapiga kofi pajani. "Huyo bwana wako mimi nilimlea na yaya wa Kimanyema. Alikuwa akisema Kimanyema mpaka alipoota magego! Wewe sema naye lugha yoyote uliyo nayo. Bwana niachie mimi."

Ndipo masomo yangu yalipoanza. Asubuhi nilikaa na mtoto kwenye mkeka, Bibi Mkubwa pembeni anatafuna tambuu yake kavu ya Tabora na kunisahihisha. Nilipompa mtoto gunzi la hindi achezee halafu nikageuka kukunja nguo, nilisikia, "Uko wapi wewe?" Nilipomwonyesha ndege wakati yeye anatazama siafu, nilisikia, "Mfuate yeye. Akitazama siafu, nawe una kazi na siafu." Lililonishinda kabisa lilikuwa kungoja. Nilimuuliza mtoto swali nikalijibu mwenyewe papo hapo. "Umempora zamu yake," alisema Bibi Mkubwa. "Hata akijibu kwa mguu, ngoja." Nami nikangoja, na kweli siku moja akajibu kwa mguu, alinipiga teke la furaha tumboni nilipomuuliza kama anataka maji. Niliona kama nimetunukiwa.

Nikamwambia mambo ya migomba, na ya mvua, na ya ng'ombe wa baba, yote kwa Kinyambo. Sikujua kwamba nilikuwa na maneno mengi kiasi kile.

Haukupita muda mrefu, Bwana alikuwa barazani amemtandikia mteja kaniki mpya, mimi na mtoto tumekaa karibu. Kuku akapanda juu ya ile nguo, miguu yote matope. Kabla mtu hajamfukuza, mtoto akanyoosha kidole akasema kwa sauti ya kutosha duka zima, "Koko!"

"Amesema nini?" Bwana akauliza.

Mteja, mzee mmoja wa kwetu Nyakakika, akatabasamu. "Amesema kuku, Bwana. Sisi kuku tunamwita enkoko. Amesema kama mtoto wa kwetu."

Bwana akanitazama. Nikaanza kuwaza nitakavyorudi kwa wake za kaka zangu. Lakini akachuchumaa mbele ya binti yake. "Sema kuku."

"Koko."

"Kuku."

"Koko!"

Walikwenda hivyo mara nane au tisa, yule kuku naye akitembea atakavyo juu ya kaniki. Mwishowe Bwana akachoka. "Haya, koko," akasema, akambeba juu juu, akaingia naye ndani akiita, "Mama! Mama, amesema!" Neno la sharti hakulirudia tena.

Habari zikaenea kwa majirani. Wake wa wafanyabiashara wengine wakataka yaya zao wafundishwe nao, na Bibi Mkubwa, ambaye maumivu ya miguu yalimzidi, akasema, "Atawafundisha huyu." Akaninyooshea mimi kidole.

Walikuja watatu. Wawili walikuwa wasichana wacheshi, hawakunipa taabu. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima kutoka Isingiro, aliyekuwa akimlea mtoto wa kiume wa muuza chumvi. Alinitazama nilivyotandika mkeka, akasema mbele ya wenzake, "Mimi nimezaa watano. Wewe hujazaa hata mmoja. Utanifundisha nini?"

Nilijua siku moja mtu atalisema, lakini kulisikia ni jambo jingine. "Kweli sijazaa, dada," nikamwambia. "Ila nimewahi kulishwa uji. Kaa nikuonyeshe." Nikamlisha vile vile nilivyolishwa, bila kumtazama, na kwenye kijiko cha nne akapaliwa, akacheka, uji ukatutapakaa sote wawili. Kuanzia hapo hakunidharau tena, lakini yule mtoto wa muuza chumvi aliendelea kumlea kimya.

Siku moja tukiwa wawili kisimani nikamuuliza sababu. "Nikifungua mdomo kwa huyu mtoto," alisema, "linatoka jina la mwanangu wa mwisho. Nimewaacha kwa dada yangu, wote watano. Bora ninyamaze."

Bibi Mkubwa alikuwa hajanifundisha jibu la hilo. Nikasema tu lililonijia. "Basi msimulie huyo habari za hao. Anataka sauti yako. Utakachosema ni juu yako."

Akajaribu. Mara ya kwanza alilia, na mtoto akamfuta machozi kwa kiganja chenye ndizi. Baadaye ikawa ndiyo hadithi yao ya kila siku: nani kaanguka mtini, nani mwoga wa chura, nani anaiba maharage chunguni. Mtoto wa muuza chumvi akawajua watoto watano wa Isingiro kwa majina, mmoja mmoja.

Mke wa muuza chumvi akaisikia hadithi hiyo siku moja kupitia dirishani. Alikuwa mwanamke mkali, tulidhani atamfukuza. Badala yake akamwambia yaya wake amlete yule mwanawe wa mwisho wakae wote. Alipofika yule mdogo, amechoka kwa safari, amejificha nyuma ya mama yake, mtoto wa muuza chumvi alitoka mbio akamwita kwa jina lake, akamuuliza kama bado anaogopa chura.

Mimi nilikaa Kituntu mpaka binti yetu alipoota meno yote na kunizidi Kiswahili na Kinyambo pia. Bibi Mkubwa alirudi Tabora kwa machela yake, anawahubiria wapagazi. Kisha ikaja posa, ya mwanamume wa Nyakakika aliyefiwa na mke, mwenye watoto wadogo wawili. Aliponiuliza kama nitawaweza, nilimwambia awalete kwanza tuzungumze, mimi na wao.