Gari Tuliloliinua Siku ya Umuganda

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Gisenyi, Rwanda, niliaibika kabla ya chai ya saa nne. Shefu wa garaji, pale Mbugangari, alikuwa amelala chini ya gari akaniita: "Mutanzania, leta kriki." Nikabaki nimesimama, sijui anataka nini. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, nilizaliwa Karagwe, Tanzania, ufundi nikajifunza Mwanza, na chombo cha kuinulia gari nilikijua kwa jina la jeki. Shefu akatoka chini, akakichukua mwenyewe, akaniwekea miguuni. "Hii njo kriki. Kule kwenu munainuaka gari na mikono?" Wiki hiyo nilijifunza kwamba spana ni kle na breki ni fre. Hakuna aliyenifundisha, niliyadaka maneno hewani, mengine nikayadaka vibaya. Mnaweza kucheka sasa hivi, huko mbele hamtapata nafasi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ya mwisho wa wiki. Magari ya milimani, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yalitujia Ijumaa jioni yakiwa na matope mpaka kwenye viti, na Jumatatu asubuhi yalitakiwa yawe barabarani. Tulibadilisha klachi, tulifunga winchi ya kujivutia kwenye tope, tulipandisha bomba la hewa hadi paani ili injini isinywe maji ya mto. Na tuliinua magari, yaani tuliongeza nguvu na kimo cha springi ili tumbo la gari lisikwaruze mawe.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Kuinua gari si springi peke yake. Bodi ikipanda, fimbo za usukani zinazounganisha magurudumu ya mbele hukaa mshazari, na vile viungo vya mviringo vilivyo mwishoni mwake, tulivyoviita rotili, hubebeshwa mzigo wa upande. Rotili iliyochakaa huchomoka. Kwa hiyo kabla ya kuinua unapiga kriki, unashika tairi kushoto na kulia kwa mikono miwili, unatikisa. Likigonga, kiungo kimelegea, toa uweke kipya. Ni kazi ya dakika chache. Leo ninawaona vijana kule Nengo wakiinua magari Jumamosi ili Jumapili wayapige picha ziwani, na sijamwona hata mmoja akitikisa tairi. Nikiwauliza wananijibu, "Mzee, hayo ni ya zamani." Nakwenda zangu nimefura.

Mkuu wa usafiri wa shirika moja alituletea gari Ijumaa. "Jumatatu nina wageni kutoka Kigali," alisema. "Nataka gari iwe juu, na ionekane iko juu." Jumamosi yake ikawa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ambayo kila mtu hutakiwa kushiriki, na asubuhi nzima fundi na shefu tulikuwa na majembe tukizibua mtaro pamoja na majirani. Tulifungua garaji saa sita imepita. Nilimwambia shefu kwamba bado hatujakagua mbele. "Funga springi," alisema. "Mbele tutaangalia siku ingine. Ule mukubwa iko anangoja." Nikafunga springi. Sikubisha, na fundi aliyepaswa kubisha nilikuwa mimi.

Jumapili mchana akaja Deo, dereva wa gari lile, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliyeoa huku kwetu. Akalizungusha mtaani, akarudi, akasimama karibu yangu huku kompresa ikinguruma nyuma yetu.

"Fundi, mbele iko na ju."

"Ndiyo," nikamjibu. "Ndivyo walivyotaka."

Akanitazama. "Njo vile banataka?"

"Ndivyo. Siku mbili tu utazoea."

Deo alikuwa ameendesha miaka mingi kuliko niliyoishi hapa, lakini alikuwa mtu wa adabu, na dereva haendelezi ubishi mbele ya fundi. "Bon," alisema. "Kama we fundi unasema." Akachukua funguo.

Jumatatu, kwenye mteremko wa Kanama, usukani ukaachana na magurudumu. Gari liliacha barabara, likapita katikati ya shamba la maharage, likalala ubavu. Wageni walitoka na michubuko. Deo alivunjika nyonga.

Shefu na mimi tulifika na gari la kuvuta, Deo akiwa ameshapelekwa hospitali. Shefu akashika tairi la mbele ambalo lilikuwa bado limefungwa, akalitikisa, likagonga. "Ona jeu yote hii," alisema. Nikamuuliza jeu ni nini. Alishangaa nilivyouliza. "We fundi gani? Jeu. Kitu kikilegea, kikicheza ndani, iko na jeu."

Ni neno la Kifaransa. Mwanza tungesema usukani unacheza. Kinywani mwa Deo lilitoka "ju", na mimi, ambaye siku moja kabla nilikuwa nimelipandisha gari lile kwa mikono yangu, nikasikia kwamba mbele kuko juu. Nilikaa chini palepale kwenye maharage ya watu.

"Deo aliniambia," nikamwambia shefu. "Jana. Mimi sikuelewa."

Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Mi sikusikia kitu," alisema. "Na we pia hukusikia."

Ripoti ya garaji ikasema gari lilitoka likiwa zima, dereva hakutaja hitilafu yoyote, na alikwenda kwa mbio. Deo alifukuzwa kazi akiwa bado kitandani hospitalini. Na katika mji huu ambao kila mtu anamjua mwenzake, dereva aliyeandikwa hivyo hapewi tena ufunguo wa gari la mtu.

Nikaandika ukurasa mmoja kueleza kwamba Deo aliniambia, nikampelekea mkuu wa usafiri. Aliusoma wote, nilimwona macho yakifika chini. "Hii ni Kiswahili," alisema.

"Ndiyo, mkubwa."

"Ofisi hii inapokea ripoti za Kiingereza au Kifaransa."

Alinikatalia kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili kilekile ambacho wiki iliyopita alikitumia kuagiza gari liwe juu! Akanirudishia karatasi yangu, akafungua simu. Ningeweza kutafuta mtu wa kunitafsiria. Sikutafuta. Nilikuwa mgeni, nina watoto, na shefu alikuwa ameanza kuniuliza kama Mwanza bado kuna kazi. Hasira yangu kwa wakubwa wale haijapoa, ila msidhani mimi mwenyewe imeniacha nje.

Baadaye nilihamia karakana ya shirika jingine, mwishowe nikawa shefu mwenyewe. Huko dereva akinitajia chochote cha mbele, nilipiga kriki kwanza ndipo nikamjibu, na mafundi wangu walininung'unikia kwa kuwachelewesha. Magoti yalipokataa kulala chini ya magari, nikastaafu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta Deo. Anauza vitunguu karibu na mpaka, mguu mmoja umebaki mfupi. Nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka karatasi iliyokataliwa. Nilidhani ataniambia yamepita. Akapanga vitunguu vyake, kisha akasema, "Unaniambia mi kwa nini? Mi nilikuwa pale. Ambia bale benye baliandika."

Shefu yule amefariki. Mkuu wa usafiri alihama nchi, na ripoti sijui imelala kabati gani. Nimebaki na ninyi mnaosoma, kwa hiyo naiandika upya kwa lugha niliyonayo. Dereva Deo alitaja hitilafu ya usukani siku ya Jumapili, kabla ya safari, kwa fundi aliyelifunga gari lile. Fundi huyo ni mimi, na sikuinama kutazama.