Maji ya Tambi

Ukienda Malindi ya Unguja ukauliza nyumba ya Khairiya binti Zahor, mwandishi wa khabari, watu watakutazama usoni kama uliyepotea. Ukiuliza ya Khairiya wa futari, utashikwa mkono mpaka mlangoni. Jambo hilo lilimchoma roho mwenyewe, na hakuwa mtu wa kuficha.

Kwa miaka mingi alikuwa akitafuta khabari kwa niaba ya kituo kidogo cha televisheni kilichokaa juu ya duka la vitambaa, Mlandege. Mwenye kituo, Bwana Dawood, ndiye pia mwenye duka, na biashara zote mbili aliziendesha kwa akili moja: kisichouzika kisikae rafu ya mbele. Khairiya naye alikula yamini tangu siku ya kwanza kwamba khabari si kanga. Basi wakaishi hivyo, asubuhi wanagombana, saa nne wanakunywa chai pamoja.

Mwezi wa Shaabani, Khairiya alileta kazi ambayo moyoni alijua ni bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ilihusu mitaa ya Jang'ombe ambako mifereji ya majumbani ilikuwa imekauka, na wanawake wakiamka alfajiri kupanga ndoo kisimani. Bwana Dawood aliitazama mpaka mwisho, akafuta macho kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, masikini, alikuwa mfanyabiashara tu.

"Nzuri sana, Bi Khairiya. Inaliza," alisema. "Lakini mwenye kiwanda cha tambi keshanunua nafasi yote ya kabla ya magharibi, Ramadhani nzima. Watu wamefunga, wana kiu, mimi niwaoneshe mapipa makavu?"

"Basi ioneshe baada ya tarawehe."

"Baada ya tarawehe watu wanataka mchezo."

Wakati huohuo, binti aliyekuwa akiongoza kipindi cha mapishi akaolewa, akahamia Maskati. Bwana Dawood akaja na maneno matamu: Khairiya ashike *Futari Mubashara* Ramadhani hii tu, na Idi ikimalizika atarudi kwenye khabari zake, na yale maji ya Jang'ombe yataoneshwa. Akaapa wallahi. Khairiya akakubali upesi mno, na aliyemjua angeshtuka hapo hapo.

Kwani kipindi kile kilipikwa kwenye majumba ya watu, na yeye alishachagua nyumba. Ni ya Bi Ulfat wa Jang'ombe, mama aliyehojiwa kwenye ile khabari iliyokataliwa. Khairiya atakinga sufuria mbele ya Unguja nzima, atafungua mfereji, mfereji utakohoa mara moja na kunyamaza. Kiwanda cha tambi kitakuwa kimedhamini khabari ya maji bila kujua. Siri hiyo waliijua yeye na Talal, mpigapicha wake.

Bi Ulfat aliambiwa kitu kimoja tu, kwamba wageni wanakuja na kamera kupika tambi. Hapo ndipo Khairiya alipokosea, tena kosa la kumshangaza mtu aliyezaliwa mjini. Umwambie mwanamke wa Kiunguja kuwa wageni wanakuja, halafu utaraji kulikuta pipa tupu?

Walipofika, kizingiti kilikuwa kimeoshwa na bado kinachuruzika. Jikoni mapipa yamejaa, madumu yamejipanga, ndoo zimefunikwa masinia.

"Shikamoo, Bi Ulfat," alisema Khairiya, akiyatazama mapipa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji tele!"

Talal akageukia ukutani ili asicheke. Muda haukuwapo wa kubadili kitu, kipindi kikaanza.

"Bi Ulfat," Khairiya alijaribu, "maji ya kupikia tunayapata wapi?"

"Si haya, mwanangu."

"Na mfereji ule?"

"Ule umepumzika."

Khairiya akakata tamaa. Akakaanga tambi mpaka zikawa nyekundu, akamimina maji, akatabasamu kwa uchungu. Mara mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia jirani, Bi Banu, kajitanda kanga mpya, akaielekea kamera moja kwa moja.

"Nnawasalimu ndugu zangu wote wa Bwejuu. Na hayo maji ya tambi ni yangu, nimeyateka alfajiri."

Bi Ulfat akamfinya. Lakini jirani wa pili alishaingia. "Yako ni ya kuoshea vyombo, Bi Banu! Ya tambi ni yangu, nimeyabeba kichwani toka kisimani, shingo mpaka sasa inaniuma."

Wakaanza kubishana nani katoa ndoo ngapi, na Talal, Mungu ampe kheri, hakuacha hata neno moja lipite. Kisha dirishani ikasikika sauti ya bibi mmoja, ya upole kabisa. "Ulfat, yangu naomba nirudishiwe kabla ya adhana. Nyumbani hatuna ya kutawadhia."

Bi Ulfat alijifunika uso kwa mtandio. Alipoufunua, alikuwa amekasirika.

"Haya basi. Mfereji huu toka kiangazi haujatema hata mate. Nlikuwa naficha aibu mbele ya wageni, lakini aibu hii si yangu."

Khairiya alisahau kuzima jiko. Tambi za mdhamini zikaungua mbele ya kisiwa kizima, na adhana ikaingia wakati moshi unapanda.

Alirudi Mlandege akijua kazi hana. Akamkuta Bwana Dawood na simu mbili masikioni, anacheka. Mwenye kiwanda cha tambi, kwa jinsi watu walivyokitazama kipindi, alitaka nyumba nyingine, na majirani wengine kama wale.

Maneno yakawafikia wakubwa, na kabla ya Idi maji yakatoka Jang'ombe. Khairiya alikwenda kuyaona, akalia bila haya, Bi Ulfat akamcheka.

Idi ilipomalizika alikwenda kudai ahadi yake.

"Maji gani tena?" alisema Bwana Dawood. "Si yapo? Khabari imeshachacha." Akamsogezea kikombe cha chai. "Kiti cha khabari ukikitaka ni chako, saa tano usiku. Au mapishi, mwaka mzima, saa ya magharibi. Chagua."

Iliuma. Ile kazi yake bora ingebaki kabatini milele, na Malindi wangeendelea kumwita wa futari. Alikunywa chai mpaka ikamalizika.

"Nyumba nachagua mimi?"

"Chagua utakayo."

"Bwejuu. Pweza wa nazi."

"Pweza!" Bwana Dawood alisugua viganja. "Pweza anauzika. Tumnunue sokoni Darajani asubuhi?"

Khairiya aliwafikiria wanawake wa Bwejuu wanaovua pweza, ndugu zake Bi Banu, na ukuta wa hoteli uliosimamishwa katikati ya njia yao ya kushukia pwani.

"Hapana," alisema. "Tutakwenda kumvua na wenyewe, mubashara. Tutapita njia yao ya siku zote."